Mgeni Mpe Jembe: Na Mwanamke wa Machimboni Je?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kicheko, mtu anapotaka kumkumbusha mwenzake kwamba ugeni una mwisho. Lakini ndani yake mna sheria nzima ya kuishi pamoja: ugeni hauondolewi kwa damu wala kwa ukoo, huondolewa kwa kazi. Aliyeshika jembe amekwisha kuwa mwenyeji. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, sheria hiyo imewafaa wanaume kwa muda mrefu. Wanawake haijawafaa, ingawa jembe wamelishika, tena kwa mikono miwili.

Jambo hili si la kupuuzwa, wala si la wanawake peke yao. Linahusu haki ya mfanyakazi kula jasho lake, na linahusu umoja wa wananchi waliotoka pande nyingi wakakutana juu ya mwamba mmoja. Wapo wataalamu wa sosholojia na taaluma zilizo jirani nayo ambao wamelichunguza kwa miaka mingi. Yafaa waliyoyaona yajulikane na wale wanaoamua mashauri ya watu kila siku: wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata, mahakimu wa mahakama za mwanzo na viongozi wa vikundi vya wachimbaji.

Kwanza na iulizwe: mwenyeji wa Geita ni nani? Nchi hiyo ilikaliwa na Wazinza, na miongoni mwao Walongo, mafundi waliojulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma. Upande wa Bukombe na Kahama walikaa Wasumbwa, ambao nao walikuwa wasafiri wakubwa. Katika karne ya 19, Msiri, mtu mwenye asili ya Usumbwa, alikwenda na wafuasi wake hadi Katanga na kusimamisha huko dola ya Garenganze. Kwa hiyo wana wa nchi hii walikuwa wageni katika nchi za wengine, wakapokewa, wakatawala. Wasukuma wengi waliingia Geita baadaye, hasa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, wakitafuta ardhi ya pamba na malisho ya ng'ombe. Wajukuu wao leo wanaitwa wenyeji, na hapana anayewauliza babu alifika lini.

Dhahabu nayo ilileta watu wake. Mgodi wa Geita ulioendeshwa wakati wa ukoloni uliwakusanya vibarua kutoka makabila mengi hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kule Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, almasi iliyogunduliwa na Williamson mwaka 1940 ilifanya vivyo hivyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya kuchimba na kuuza, wachimbaji wadogo walimiminika Nyarugusu, Mgusu, Bulyanhulu na kwingineko. Mkoa wa Geita wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mkoa wenye historia ya namna hii hauwezi kugawa watu wake kwa kuuliza nani alitangulia. Nchi hii iliacha kuuliza kabila katika hesabu ya watu baada ya sensa ya 1967, na ilikuwa na sababu njema.

Hata hivyo, swali la ugeni halikufa. Linaibuka panapokuwa na mali ya kugawana, na mtu wa kwanza kuulizwa huwa ni mwanamke.

Ili kuelewa kwa nini iwe hivyo, ni vema kurejea kazi ya Profesa Marjorie Mbilinyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomi huyu, aliyezaliwa Marekani akawa raia wa Tanzania, amefundisha na kuandika kwa miongo mingi juu ya wanawake, kazi na elimu, na ni mmoja wa waasisi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania. Mwaka 1988 jarida moja la kimataifa la sosholojia ya sheria lilichapisha makala yake juu ya wake waliotoroka waume zao katika wilaya ya Rungwe kati ya mwaka 1919 na 1961. Rungwe iko mbali na Geita, lakini nayo iliishi chini ya kivuli cha dhahabu. Wanaume wake walikwenda kuchimba Lupa, katika wilaya ya Chunya, na wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya kusini. Wanawake waliachwa na mashamba, watoto, wazee na kodi.

Baadhi yao walikataa. Waliondoka, wakaenda mijini na kwenye machimbo, wakafanya biashara, wakaishi na wanaume waliowachagua wenyewe. Serikali ya mkoloni na machifu waliona hatari. Mwanamke asipolima kijijini, nani atamlisha mchimbaji anayelipwa mshahara usiotosha mtu mmoja? Ndipo mahakama za wenyeji zikatumiwa kumrudisha mwanamke kwa mumewe, na kila hukumu ikaitwa mila. Hilo ndilo funzo kubwa la kazi ya Mbilinyi: kilichoitwa mila ya kabila kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ulinzi wa nguvukazi ya bure. Mwanamke aliyehama aliogopwa kwa sababu alikuwa amechukua mikono yake pamoja naye.

Mkoloni aliondoka mwaka 1961, lakini hofu hiyo ilibaki, na machimboni imepata mahali pa kuota.

Tazama jinsi kazi inavyogawanywa. Mwenye leseni hupata fungu lake la viroba vya mawe, mwenye duara hupata lake, na wachimbaji wanaoshuka chini hupata lao. Mwanamume aliyefika jana bila senti, akikubaliwa kushuka durani, ana sehemu katika mgao. Akidumu, akaweka akiba, aweza kufungua duara lake, na siku moja aweza kuwa na leseni. Kabila lake haliulizwi. Mhaya, Mkurya, Mha, Mnyaturu na Msukuma hushika kamba moja, na anayeshika kamba hataki kujua lugha ya mama wa mwenziwe, anataka kujua kama mikono yake ina nguvu. Hiyo ndiyo methali ya jembe ikitimizwa.

Mwanamke hufika machimboni kwa basi lile lile. Lakini katika machimbo mengi imani imemzuia kushuka durani, kwa madai kwamba akikaribia, hasa akiwa katika siku zake, dhahabu itakimbia. Hivyo hubaki juu. Juu huko hubeba mawe, huyaponda, huyatwanga, huosha mchanga, hurudia marudio yaliyoachwa na wengine, huchota maji na kupika chakula ambacho bila hicho hapana mchimbaji awezaye kushuka. Sehemu ya kazi hiyo huifanya akiwa karibu na zebaki, na mtoto akiwa mgongoni. Kwa yote hayo hulipwa ujira wa siku au kwa ndoo. Fungu katika mgao hana. Anaishi kwenye dhahabu bila ya kuwamo katika hesabu ya dhahabu.

Mwaka 2004 Dakta Rosemarie Mwaipopo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitoa uchunguzi walioufanya katika wilaya za Misungwi na Geita. Walionyesha kwamba uchimbaji mdogo ulikuwa kwa watu wengi njia ya kweli ya kutoka katika umaskini, na kwamba manufaa yake hayakuwafikia wote kwa usawa. Ni matokeo yanayokosoa pande mbili kwa pamoja: wale wanaomwona mchimbaji mdogo kuwa mhuni wa kufukuzwa, na wale wanaodhani kwamba dhahabu ikiingia kijijini basi kila nyumba imeshiba.

Kuna kashfa nyingine inayopaswa kukanushwa. Mwanamke anayeishi machimboni bila ndoa ya kanisani, msikitini au ya mahari huitwa malaya, na neno hilo likishatamkwa mjadala hufungwa. Mwaka 2013 Deborah Bryceson, pamoja na Jesper Bosse Jønsson na Hannelore Verbrugge, walichapisha utafiti juu ya maisha ya wanawake katika makazi ya wachimbaji wa dhahabu Tanzania. Walieleza kwamba kati ya umalaya na ndoa rasmi pana uwanja mpana, na humo ndimo wanawake wengi wanamoishi. Mwanamume na mwanamke hukutana mbali na wazazi wao, hukaa nyumba moja, hupika pamoja, hushirikiana akiba, na dhahabu ikihama hutengana au huhama pamoja. Wengi wa wanawake hao wameingia katika maisha hayo kwa hiari na hesabu, wakiitafuta nafuu ambayo nyumbani hawakuiona.

Mtu aweza kuyapenda maisha ya namna hiyo au kutoyapenda. Sheria ya nchi, hata hivyo, iliyatazama zamani kwa macho ya busara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa maneno mengine, mahakama ya juu kuliko zote ilikubali kwamba mwiko na ndoo ni jembe pia.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika siku ya msiba.

Mume akiangukiwa na kifusi, au akifa kwa maradhi ya mapafu, ndugu zake hufika kutoka kwao. Hawakuwako siku duara lilipofunguliwa, wala hawakutwanga jiwe hata moja. Lakini wana ukoo, na mjane, aliyekaa pale miaka kumi na mitano, huambiwa kwamba ni mgeni. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila ilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Haya si maneno ya kale yasiyotumika. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na jamaa za waume zao, waliipinga amri hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Rufaa yao iliondolewa mwaka 2010 kwa kasoro za kiutaratibu. Walikwenda mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zilivunjwa, ikaitaka Tanzania ifute au irekebishe kanuni hizo. Wajane hao walizunguka nusu ya dunia kuomba jambo ambalo methali ya kijijini ilikwisha kulitoa.

Msiba ni mlango mmoja. Mlango wa pili ni mpaka. Geita haiko mbali na Burundi na Rwanda, na watu wa pande hizo wameoana kwa vizazi vingi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na raia njia yake maalumu ya kupata uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa raia mwanamke hakupewa njia kama hiyo. Maana yake ni kwamba mwanamume wa Kitanzania aweza kumvuta mwenziwe ndani ya taifa, na dada yake hawezi. Mwaka 2013 serikali iliamuru wahamiaji wasio na kibali waondoke, na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka mwaka huo. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa miaka mingi, na ziliripotiwa familia zilizokatwa vipande viwili, mzazi mmoja akibaki huku na mwingine akiwa ng'ambo ya mpaka.

Hapa wapo watakaouliza: Je, nchi isilinde mipaka yake? Kijiji kisijue nani anaingia na nani anatoka? Swali hilo ni halali. Ujambazi wa silaha na uporaji wa mifugo viliwatesa wananchi wa mikoa hiyo, na ulinzi wao ni wajibu wa dola. Lakini mwizi anatambulika kwa wizi wake. Anayeulizwa kabila, au ukoo wa mumewe, ili ajulikane kama ni mtu mwema, hajaulizwa neno lolote juu ya usalama.

Wengine watasema kwamba mila ni urithi wa taifa, na kwamba wasomi wanaleta mawazo ya kigeni kuzivunja. Hao wasikilizwe kwa heshima, kisha wajibiwe kwa mifano. Kwa miaka mingi mauaji ya vikongwe wenye macho mekundu yalielezwa kuwa ni mila ya Wasukuma. Mwanasosholojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza, akayaunganisha na mabadiliko ya karibu kabisa, yakiwamo yale ya vijiji vya mwaka 1974, pale watu waliozoea kukaa mbalimbali walipobanwa ukuta kwa ukuta na tuhuma zikakosa pa kupumulia. Vivyo hivyo mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007, yaliitwa mila ya Kanda ya Ziwa. Bryceson na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba hayakuwa na mizizi ya kale: yalikuwa biashara mpya, iliyolishwa na tamaa na hofu ya watafutaji bahati, na waganga waliowauzia uongo. Kabila lililobebeshwa lawama lilikuwa limesingiziwa. Anayeipenda mila ya Usukuma anapaswa kuwa wa kwanza kufurahi ukweli huo kujulikana.

Lakini utajulikanaje? Karibu kazi zote zilizotajwa hapa ziliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika majarida ambayo hayafiki Nyarugusu wala Maganzo. Mwanamke aliyetoa nusu siku yake kujibu maswali ya mtafiti hajapata kusoma alichosema. Hilo ni kosa la vyuo, na ni kosa linalorekebishika. Kila utafiti unaofanywa katika kijiji ungefaa urudi kijijini humo kwa Kiswahili chepesi, usomwe mbele ya mkutano wa hadhara, na watu waukosoe. Elimu isiyorudi kwa walioitoa ni dhahabu nyingine iliyosafirishwa ikiwa ghafi.

Yapo na mengine yanayoweza kufanywa bila kungoja fedha za wafadhili. Tangu mwaka 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita, dhahabu ya mchimbaji mdogo imeanza kupimwa na kuandikwa hadharani. Ikiwa gramu inaweza kuandikwa, jina la aliyeiosha haliwezi kushindikana. Vikundi vya wachimbaji viweke katika daftari la duara majina ya wote wanaofanya kazi, wa chini na wa juu, pamoja na fungu la kila mmoja. Wanawake wanaochimba na kuchenjua, ambao tangu mwaka 1997 wana chama chao cha taifa, wapewe nafasi ya haki katika kugawiwa leseni, ili mwanamke asitegemee uhai wa mumewe kupata riziki. Hati ya kiwanja iandikwe majina mawili, kama sheria za ardhi za mwaka 1999 zinavyoruhusu. Serikali ya kijiji itunze kumbukumbu ya wanaoishi pamoja, ili siku ya msiba ushahidi uwepo kabla ya ndugu kufika. Na Bunge liyamalize yale ya 1963 na 1995, maana kila mwaka unaopita bila kanuni hizo kuandikwa upya ni mjane mwingine na familia nyingine barabarani.

Wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walioondolewa mwaka 1996 ili kumpisha mwekezaji walijifunza kwa uchungu kwamba kazi bila karatasi ni kazi isiyoonekana. Walilalamika kwamba wao ndio waliolifungua eneo lile, na kwamba jasho lao halikuhesabiwa. Malalamiko hayo wananchi wengi waliyaelewa. Basi wanaume wa machimboni wanaijua ladha ya dhuluma hii, na hawana udhuru wa kumnywesha mwanamke aliyesimama kando yao juu ya kinu. Siku yake ya tatu ilikwisha kupita zamani. Jembe analo mkononi. Kilichobaki ni jina lake kuandikwa penye mgao.